Mchezaji Niliyemkatalia Jangwani

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika uwanjani mapema, nimevaa bukta iliyopigwa pasi na filimbi mpya shingoni. Mkuu wangu wa kazi, Afisa Michezo wa chuo, alinitazama kuanzia viatuni hadi kwenye ile filimbi, kisha akaniuliza kwa upole:

"Mwalimu Shabani, hiyo ya nini?"

"Ya kufundishia, mzee."

"Ivue. Hawa ni watu wazima, wengine wana watoto nyumbani. Refa anapiga filimbi kwa sababu hana muda wa kueleza. Wewe muda unao."

Nikaivua. Jioni ile nilifundisha kwa mdomo, na niliporudi nyumbani sauti ilikuwa imekauka hata mke wangu, Mwanaidi, akadhani nimegombana na mtu.

Ninawaandikia ninyi mnaosomea ualimu wa michezo sasa, mnaokuta viwanja vyenye nyasi na chumba cha kubadilishia nguo. Chuo chetu kilikuwa katikati ya jiji, majengo yamebanana na maduka, na hakikuwa na uwanja hata wa kuchezea bao. Mazoezi tuliyafanyia bonde la Jangwani. Tulitoka chuoni kwa miguu tukiwa tumebeba mipira kwenye nyavu, tukapita Kariakoo katikati ya mikokoteni na wapagazi, na wenye maduka wakitutania kwa jinsi tulivyofungwa juzi. Mimi ni mzaliwa wa hapo hapo Kariakoo, Mtaa wa Swahili. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, na wengi waliotutania walikuwa wameshonewa suruali naye. Kwa hiyo nilipofungwa, nilifungwa mbele ya ukoo mzima.

Uwanja wa Jangwani ulitufundisha mambo ambayo hayamo vitabuni. Upande wa kusini ulikuwa umeinama, kwa hiyo winga wa upande ule alijifunza kupiga krosi akiwa kama anapanda ngazi. Mistari tuliichora kwa chokaa, na chokaa ilipokosekana tulitumia majivu. Masika yalipofika bonde lilijaa maji, magoli yakabaki yamesimama ndani ya ziwa, nasi tukahamia Mnazi Mmoja kuomba kipande cha ardhi kwa watu waliotangulia. Afisa Michezo alikuwa na msemo kwamba mpira wa chuo una maadui watatu: mtihani, masika na mapenzi. Nilicheka alipouniambia. Baadaye nilimpoteza mshambuliaji wangu bora kwa hilo la tatu, wiki ya nusu fainali, nikaacha kucheka.

Kazi ya kocha wa chuo si kazi ya kocha wa klabu. Kocha wa klabu anajenga timu, akijaliwa anakaa nayo. Wewe unajenga timu, inaanza kuelewana, beki anajua kipa wake anatoka lini golini na kiungo anampata winga bila kumtazama, halafu wanavaa majoho, wanapiga picha na wazazi, wanaondoka. Mwezi unaofuata unasimama mbele ya watoto wapya usiowajua majina. Mwanzoni jambo hilo liliniuma kila mwaka. Afisa Michezo aliliona, akaniambia tukiwa tumekaa juu ya mpira kila mtu wake:

"Shabani, usihesabu wanaobaki. Hapa hapana anayebaki ila mimi na wewe, na mimi naondoka."

Kweli akastaafu. Alikuwa ametoka jeshini, mtu wa maneno machache, na alinifundisha jambo moja ambalo nililishika kuliko mbinu yoyote: kila mchezaji anayevaa jezi ya chuo lazima awe mwanafunzi wa chuo. Mnalisikia hili mnaliona dogo. Wakati ule halikuwa dogo. Katika mashindano ya vyuo kulikuwa na watu tuliowaita mamluki, yaani wachezaji wa mitaani wanaovalishwa jezi na kupewa vitambulisho vya wanafunzi wengine ili wakusaidie kushinda. Kila chuo kiliwalaani, na vyuo vingi viliwatumia.

Baada ya Afisa Michezo kuondoka, timu iliwekwa chini ya Mshauri wa Wanafunzi, ofisa anayesimamia maisha yote ya wanafunzi nje ya darasa: malazi, ugonjwa, ugomvi, michezo. Alikuwa mtu mchapakazi, msomi, anayekumbuka jina la kila mpishi. Chuo kilikuwa kimetoka tu kupandishwa hadhi kuwa chuo kikuu, na alitaka kijulikane.

"Vijana wanachagua chuo walichokisikia," aliniambia. "Nani amesikia kuhusu sisi? Kikombe kimoja, Mwalimu, na magazeti yatatuandika."

Mashindano yalipokaribia, jioni moja alikuja Jangwani na gari la chuo. Akashuka na kijana mrefu mwembamba, mikono ina madoa ya grisi yaliyokataa kutoka kwa sabuni.

"Huyu anaitwa Hamisi. Mtazame tu," akasema.

Nikamweka Hamisi upande wa wachezaji wa akiba, timu dhaifu, ili nimwone vizuri. Nimefundisha mpira miaka mingi na nimeona wachezaji wengi, baadhi yao wamecheza timu ya taifa. Sikuwahi kuona jambo kama lile. Hakuwa na kasi ya ajabu. Alichokuwa nacho ni kwamba mpira ulipokuwa bado uko njiani kumfuata, yeye alishajua watu wote uwanjani wamesimama wapi. Alipokea kwa mguu wa nje, akageuka, na beki wangu bora akajikuta anakaba hewa. Mara nyingine alisimama kabisa, mpira miguuni, na kila mtu akasimama naye, kisha akautoa polepole kwenye upenyo ambao hapakuwa na mtu, na mtu akatokea. Wachezaji wa akiba, ambao walikuwa hawajawahi kuwafunga wale wa kwanza, waliwafunga jioni ile mpaka wale wa kwanza wakaanza kutukanana. Wapita njia walisimama. Mama mmoja muuza mihogo aliacha jiko lake na kusogea mstarini.

Mazoezi yalipoisha Hamisi alinijia akiwa anahema.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Unasoma kitivo gani?"

Akatabasamu kwa haya. "Mimi ni fundi magari, mwalimu. Niko gereji Buguruni. Form four nilipata ziro."

Nilielewa. Niliporudi chuoni nilikwenda ofisini kwa Mshauri moja kwa moja, bila hata kubadili nguo.

"Umemwona?" akaniuliza.

"Nimemwona. Siwezi kumchezesha."

"Kwa nini?"

"Si mwanafunzi."

Akafunga mlango, si kwa hasira. "Shabani, tulipofungwa mwaka jana, wale waliotufunga walikuwa wanafunzi wote?"

"Hawakuwa."

"Basi?"

"Basi walitufunga. Lakini mheshimiwa, mimi nawaambia vijana wasiibie mtihani. Nikimvalisha Hamisi jezi ya mwenzake, jumatatu nitawaambia nini?"

Alirudi kwenye kiti chake. Kisha akasema maneno ambayo nayakumbuka kwa sababu hayakuwa maneno ya mtu mbaya: "Wewe unalinda roho yako. Mimi nalinda chuo. Nenda ukafikiri mpaka kesho."

Nilifikiri. Nitawaambia ukweli, sikufikiri kuhusu mamluki hata kidogo. Nilifikiri timu yangu itakavyokuwa ikiwa na yule kijana katikati. Nilimsimulia Mwanaidi. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Unaniuliza au unaniaga?" akasema.

"Kivipi?"

"Kama umeshakataa moyoni, unaniaga kwamba tutapata shida. Sawa, tutapata. Kama hujakataa, unaniuliza nikupe ruhusa ya kudanganya. Hiyo sina."

Kesho yake nilikwenda kukataa rasmi. Kisha nikapanda gari kwenda Buguruni, kwa sababu niliona si haki Hamisi aambiwe na mtu mwingine. Nilimkuta chini ya lori, miguu tu inaonekana. Akatoka, akapangusa mikono, nikamweleza. Kwanza hakuelewa. Nilipomaliza, uso wake ulibadilika.

"Mwalimu, kwenye yale mashindano wanakuja watu wa timu kubwa kutazama. Mimi huku ndondo zangu hizi nani atakuja kunitazama?" Ndondo ni michuano ya mitaani, mnaijua. "Ile ilikuwa nafasi yangu."

"Njoo chuoni kwa njia yake. Rudia mtihani, omba cheti. Wa cheti naye ni mwanafunzi, atacheza."

"Nina miaka ishirini na ngapi sasa? Wewe umeshakula, mwalimu, umeshiba, unamfunika mwenzio sahani."

Akarudi chini ya lori. Nilisimama pale nikitazama viatu vyake, kisha nikaondoka.

Mashindanoni tulitolewa mapema, na waliotutoa walikuwa na kiungo ambaye kila mtu jijini alijua anacheza ligi. Tuliporudi nikakuta barua ya uhamisho. Timu alikabidhiwa mwalimu mwingine, na mimi nikawa mlezi wa hosteli ya wavulana ya chuo, iliyokuwa Buguruni. Kazi yangu ikawa kugawa vyumba, kusikiliza malalamiko ya kunguni na kuhakikisha maji yamepanda kwenye tangi.

Sitawadanganya kwamba nilivumilia kwa heshima. Jioni, saa za mazoezi, miguu yangu ilikuwa inasimama yenyewe. Nilikuwa naenda mpaka getini, halafu narudi. Mwanaidi alinicheka kwa huruma: "Umekuwa kama ng'ombe aliyeuzwa, bado anajua njia ya zizi la zamani." Na jambo baya zaidi ni kwamba gereji ya Hamisi ilikuwa mtaa wa pili kutoka hosteli. Alinipita karibu kila siku. Kijana wa Kiswahili kumpita mtu wa makamo bila shikamoo si jambo dogo. Watu walianza kuniuliza nimemkosea nini. Nikawa najibu, "Tuna mambo yetu."

Kilichotupatanisha ni pampu ya maji. Iliharibika, fundi wa chuo akaitazama siku mbili bila mafanikio, na wanafunzi wakaenda kumwita Hamisi bila kuniuliza. Aliingia, akanikuta, akasita mlangoni.

"Shikamoo," akasema, akitazama pampu.

"Marahaba, baba. Ingia."

Alipokuwa anaitengeneza, pembeni yake walikaa wanafunzi wakifanya hesabu za kozi yao. Mmoja wao alikuwa Godlisten, aliyekuwa kipa wangu kabla sijaondolewa, kijana mpole kutoka familia ya Kichaga yenye duka la jumla Kariakoo. Walikuwa wanabishana kuhusu swali la asilimia. Hamisi, kichwa kikiwa ndani ya pampu, akasema, "Mnakosea pale mwanzo. Ukipunguza kwanza ndiyo uongeze, hairudi pale pale." Wakamtazama. Godlisten akafanya upya, akakuta ni kweli.

"Ndugu, umejulia wapi?" akamwuliza.

"Kwenye bei za spea," akajibu Hamisi.

Godlisten alicheka, lakini hakuishia kucheka. Mtoto wa duka yule alijua kumtambua mtu mwenye hesabu kichwani. Alimwambia aje jioni wakae wote. Hamisi akasema atafikiria. Hakuja wiki ile wala iliyofuata. Siku aliyokuja alikuwa amenawa na amevaa shati la mikono mirefu, kama mtu anayekwenda kuposa. Nilijifanya sikumwona.

Alisoma pale hosteli, kwenye meza ya chumba cha kulia, baada ya watu kumaliza kula. Godlisten alimfundisha hesabu, wengine Kiingereza, na mimi nilimpa taa na nafasi. Aliurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, yaani asiye na shule, akafeli. Siku matokeo yalipotoka nilimfuata gereji.

"Nimejaribu, mwalimu," akasema. "Shule na mimi mbalimbali."

"Masomo mangapi umepata?"

"Mawili."

"Mara ya kwanza ulipata mangapi?"

Akacheka bila kupenda. Mwaka uliofuata aliurudia tena, akafaulu kiasi cha kuomba cheti. Lakini kati ya mitihani hiyo miwili, kwenye ndondo moja hapo hapo Buguruni, beki alimwingia gotini. Sikuwapo. Walioona waliniambia alibebwa kwenye mkokoteni. Gamba la plasta lilipofunguliwa, aliweza kutembea akichechemea kidogo, aliweza hata kukimbia, ila kule kugeuka kwake hakukurudi.

Wakati huo huo chuoni mambo yalibadilika. Mshauri wa Wanafunzi alihamia wizarani, na michezo ikapewa mkurugenzi, mwanamama msomi aliyewahi kurusha mkuki alipokuwa shuleni. Aliniita ofisini.

"Nimesoma faili lako, Mwalimu Shabani. Limeandikwa kwamba wewe ni mgumu."

"Ndiyo, mama."

"Ugumu gani? Wa kukataa kazi au wa kukataa upuuzi?"

"Hilo ningependa alijibu mwingine."

"Rudi uwanjani," akasema. "Na uniambie mapema ukiona mimi ndiye naleta upuuzi."

Nilirudi Jangwani jumatatu. Kabla ya yote nilizunguka uwanja mzima peke yangu. Mwinamo wa upande wa kusini ulikuwa vile vile. Nikajifanya ninakagua nyavu.

Muhula uliofuata Hamisi aliingia chuoni, mwanafunzi wa cheti cha ununuzi na ugavi, mtu mzima katikati ya watoto waliotoka sekondari. Wakamwita Mjomba. Alikuja mazoezini, nikamweka benchi, naye hakulalamika, kwa kuwa alilijua goti lake kuliko mimi. Nilimtumia dakika za mwisho, mchezo ukishachoka, watu wakishapunguza mbio. Hapo akili yake ilitosha.

Mashindano ya mwaka huo yalifanyika hapa hapa Dar es Salaam. Robo fainali tulikuwa sare na mchezo unakaribia kuisha. Nikamwingiza Hamisi. Aligusa mpira mara chache sana. Mara moja kati ya hizo alisimama, wote wakasimama, akautoa upenyoni, na winga wetu akafunga. Mchezo ukaisha. Wachezaji walikuwa bado wamekumbatiana pale alipokuja kiongozi wa timu pinzani na karatasi ya rufaa: walidai tumechezesha mamluki. Walisema wanamfahamu Hamisi, ni fundi magari wa Buguruni, na umri wake unaonekana usoni.

Vijana wangu waliona kama mzaha. Hamisi hakuona mzaha. Alikaa kwenye nyasi akavua njumu polepole.

"Nimekuletea aibu, mwalimu," akasema.

"Hujaleta chochote. Kesho tutakwenda."

Kamati ya rufaa ilikaa asubuhi katika darasa la chuo kimoja mjini. Tuliingia mimi, Hamisi na mkurugenzi wetu. Godlisten, aliyekwisha hitimu na kuwa dukani kwa baba yake, alifunga duka akaja kusimama nje dirishani. Nilipoinua macho kuangalia meza ya kamati, nilimwona yule Mshauri wa Wanafunzi wa zamani. Wizara ilikuwa imemteua mjumbe. Alimtazama Hamisi, akanitazama mimi, akashusha macho.

Mkurugenzi wetu alitoa kitambulisho. Mlalamikaji akasema vitambulisho hutengenezwa, kila mtu anajua. Mwenyekiti wa kamati akamgeukia Hamisi.

"Wewe ni fundi magari?"

"Ndiyo, mzee."

"Mpaka leo?"

"Jumamosi na jumapili. Siku nyingine nasoma."

"Sasa sisi tujue vipi kwamba hukuletwa kwa ajili ya mpira tu?"

Hamisi alinigeukia. Nilitaka kusema, mkurugenzi akanishika mkono. Hapo yule Mshauri wa zamani akaomba nafasi. Alivua miwani kwanza.

"Mwenyekiti, kijana huyu namfahamu," akasema. "Miaka kadhaa nyuma nilimchukua gereji Buguruni kwa gari la chuo, nikampeleka kwa mwalimu huyu ili acheze kama mamluki. Ni mimi niliyefanya hivyo. Mwalimu alikataa. Kwa kukataa kwake nilimwondoa kwenye timu." Akamgeukia mlalamikaji. "Mtu aliyekataa kumpitisha mlango wa nyuma wakati kijana ana miguu yote miwili, hawezi kumpitisha leo akiwa anachechemea. Kama mwalimu anasema ni mwanafunzi, basi ni mwanafunzi. Mimi sihitaji kitambulisho."

Mwenyekiti alimtazama muda mrefu. Alimwuliza kama anajua maneno yake yataandikwa. Akajibu, "Yaandikwe."

Rufaa ikatupwa. Tulipotoka nje nilimngoja Mshauri ukumbini. Nilikuwa na maneno mengi ya miaka yote ile. Alipofika nikasema tu, "Ahsante, mheshimiwa," naye akanishika bega akasema, "Afya ya mama watoto?" Nikamwambia hajambo. Tukaachana. Nilisikia baadaye kwamba aliondolewa kwenye kamati zote za michezo. Tulipokutana tena ilikuwa msibani, tukakaa mkeka mmoja tukiongea habari za watoto.

Nusu fainali tulifungwa. Mbili bila, na tulistahili. Mnaotafuta kikombe katika simulizi hii mtanisamehe. Nilikuja kukipata miaka mingine, na timu nyingine, na sina mengi ya kusema juu yake.

Hamisi alimaliza cheti, akaendelea stashahada, kisha shahada. Mpira aliuacha mapema, goti liliamua. Leo ni afisa ununuzi katika kampuni moja ya usafirishaji, ana mke na binti wawili, na magari ya kampuni yakikorofisha mafundi hawamdanganyi.

Mimi nilistaafu miaka kadhaa baadaye kwa umri, kama sheria inavyotaka. Wakanifanyia hafla, mkurugenzi akasema mazuri, wachezaji wa zamani wakaja na vitambi vyao. Wakanipa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kwa mtu ambaye hana tena pa kuwahi. Miezi ya mwanzo ilikuwa migumu. Saa za jioni miguu ilisimama yenyewe kama zamani za hosteli. Sasa nimezoea. Asubuhi nakwenda sokoni na kikapu cha Mwanaidi, na nikirudi nakaa nje ya nyumba. Walimu vijana huja kuniuliza mambo ya mifumo na mazoezi ya stamina. Nawajibu ninayoyajua, na nikikwama nawaambia mpira umekimbia, umeniacha.

Wapo wanaoniuliza kama nilifanya sawa kumkatalia Hamisi. Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa tayari: tazameni alivyo leo. Kisha jumapili moja alikuja kututembelea na familia yake. Mwanaidi alipika pilau, na baada ya kula binti zake walikwenda ndani na mama yao. Tukabaki wawili. Nikamwuliza mwenyewe, kwa sababu mtu akizeeka anapaswa kuuliza.

"Hamisi, uliwahi kunisamehe?"

Alikaa akiwaza, hakuharakisha kunipa jibu zuri.

"Mwalimu, ukiniuliza nikiwa kazini, nakushukuru. Ukiniuliza nikitazama watoto wangu, nakushukuru sana. Lakini zipo siku natazama mpira kwenye televisheni, namwona mtu anapewa nafasi katikati pale, namwona anakosea, najua mimi nisingekosea. Siku hizo sikushukuru."

"Una haki."

"Kinachoniuma si pesa wala jina." Alikuwa anatazama mikono yake, safi sasa. "Ni kwamba yule mchezaji niliyekuwa, hakuna aliyemwona. Chuoni waliniona kilema. Buguruni waliniona kwenye vumbi, watu wanapiga kelele, wanabeti. Nikiwasimulia wanangu wanadhani natia chumvi kama baba wote."

"Mimi nilimwona," nikasema.

Akainua kichwa.

Nikawaita binti zake watoke nje, na mama yao pia. Wakaja, mkubwa akakaa mkekani, mdogo akasimama nyuma ya kiti cha baba yake. Nikawaambia jioni ile ilikuwa na upepo, na uwanja ulikuwa umeinama upande wa kusini, na nilimweka baba yao kwenye timu dhaifu ili nimwone vizuri. Nikawaonyesha kwa mkono jinsi alivyopokea kwa mguu wa nje. Nikawaambia habari za beki aliyekaba hewa, na wachezaji wa kwanza wakitukanana, na mama aliyeacha mihogo yake motoni. Mdogo akauliza kama iliungua. Nikasema iliungua, na hakuna aliyejali.

Hamisi alikuwa ameinamisha uso, akisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za marehemu ndugu yake aliyempenda. Nilifika mwisho. Akafuta macho kwa kiganja, akasema kwa sauti ndogo:

"Ile pasi ya mwisho, mwalimu. Umeisahau ile ya kisigino."

Sikuwa nimeisahau. Nikaanza tena.